Upendeleo Uliojificha Kwenye Saa ya Mahojiano

Chukua tangazo la kazi la kawaida kabisa: anatafutwa karani mmoja, ofisi iko Mokowe, upande wa bara mkabala na kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya, mahojiano ni Alhamisi saa mbili kamili asubuhi, na atakayechelewa asijisumbue kuja. Anayekaa Mokowe ataamka, atakunywa chai yake na kutembea. Wa Langoni au Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, atavuka kwa boti. Wa Kizingitini, kisiwani Pate, ana hesabu nyingine. Safari nyingi za mashua kutoka kisiwa cha Pate hupangwa kwa maji, na maji hayafuati saa ya ukutani. Kila siku hujaa kama dakika 50 baada ya wakati wa jana. Mashua iliyofika vizuri saa moja asubuhi Jumatatu, kufikia Alhamisi itakuwa inagonga saa tatu na nusu. Basi kijana wa Kizingitini ama atoke kwao Jumatano, atafute jamaa wa kumlaza na alipie chakula cha siku mbili, ama afike amechelewa, suruali imekauka chumvi, akutane na jopo ambalo limeshaandika "hajali wakati".

Katika jopo lile hakuna anayewachukia watu wa Kizingitini. Pengine mmoja wao ana shemeji huko. Lakini mwaka hadi mwaka wanaoajiriwa wanatoka upande mmoja, na mwaka hadi mwaka jopo linaamini limetenda haki. Ukiwauliza, watakuonyesha karatasi za alama, na alama ni za kweli. Kosa lilitendeka kabla ya alama, siku ile mwenye kuandaa tangazo alipoandika "saa mbili asubuhi" bila kumuuliza mtu yeyote.

Nimeanza na maji kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu upendeleo kazini yamekwama moyoni. Tunauliza nani ana roho safi na nani ana roho mbaya. Tangu LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa Machi 2012, na zaidi tangu gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilipofunguliwa Mei 2021, hakuna baraza linalokwisha bila swali la nani anapata kazi na nani anaachwa. Swali ni la haki kabisa. Majibu yake ndiyo yamekuwa duni: upande huu unaambiwa wabaguzi, upande ule unaambiwa wavivu, na waajiri wakitaka kuonekana wametenda jambo hukodi ukumbi, humleta mtaalamu kutoka Nairobi, hugawa kalamu na chakula cha mchana, na saa kumi jioni kila mtu anarudi na cheti.

Ninachokitetea ni kitu kingine: ukocha wa karibu, wa miezi mitatu au minne, kwa yule hasa mwenye kalamu ya kuamua. Yaani meneja wa hoteli, msimamizi wa zamu, mkuu wa idara, mwenyekiti wa jopo. Na ukocha huo ushike maamuzi yake halisi, moja baada ya jingine: nani aitwe mahojiano, nani akae mapokezi, nani apelekwe kozi, nani aonywe na nani asamehewe.

Kwanza tupatane kuhusu neno. "Upendeleo" kwa wengi wetu ni mjomba aliyemwingiza mpwawe, au bahasha iliyopita chini ya meza. Huo ni upendeleo wa kujua, na dawa yake ni nidhamu na sheria. Ninaousema hapa ni upendeleo fiche: ule ambao mwenye nao hana habari nao, kwa sababu umeingia kwa mazoea, kwa haraka, kwa hadithi alizokua akizisikia. Mtu anaweza kuwa mcha Mungu, mkarimu, asiyekula haki ya mtu, na bado akasoma jina kwenye barua na mkono ukaipeleka upande wa "hapana".

Jambo hili limepimwa. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio lao Marekani: walituma karibu wasifu 5,000 kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago, sifa zikilingana, majina yakitofautiana. Wenye majina yanayosikika ya Kizungu waliitwa kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 50 kile cha wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Huko ni mbali, na historia yao si yetu. Lakini utaratibu wa macho ni huo huo. Kazungu, Shee, Wanjiku, Abdi, Otieno: kabla msomaji hajafika kwenye elimu ameshajua dini na kabila, na anadhani ameshajua na tabia.

Kwa nini basi semina haitoshi? Kwa sababu kujua si kutenda. Mei 29, 2018, kampuni ya Starbucks ilifunga zaidi ya maduka 8,000 Marekani kwa mchana mmoja ili wafanyakazi wapata 175,000 wafunzwe kuhusu upendeleo wa rangi, baada ya vijana wawili weusi kukamatwa katika duka lake moja Philadelphia. Ilikuwa ishara kubwa. Ila mchana mmoja ni mchana mmoja. Uchambuzi uliochapishwa 2019, uliokusanya tafiti 492 za njia za kubadilisha upendeleo fiche, ulikuta kwamba vipimo vya mawazo vinaweza kusogezwa kidogo, lakini kusogea huko hakukuonekana kuvuta matendo nyuma yake. Na Desemba 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kuyaacha mafunzo ya aina hiyo kwa watumishi wake.

Kuna hatari kubwa zaidi ya kutofaulu, nayo ni kuharibu. Utafiti wa Michelle Duguid na Melissa Thomas-Hunt, 2015, ulionyesha kwamba ukiwaambia watu "kila mtu ana dhana potofu kuhusu wengine", bila kuongeza kwamba wengi wanajitahidi kuzishinda, wanazitumia zaidi. Wanasikia ruhusa. Mkufunzi amekusudia kumtuliza mtu asione haya, mtu anaondoka akiwaza: kumbe ni kawaida. Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly nao walichunguza kampuni 708 za Marekani na kuchapisha 2006: mafunzo peke yake yalikuwa kati ya hatua dhaifu kabisa za kuongeza wanawake na watu weusi katika uongozi, na iliyofanya kazi zaidi ilikuwa kumpa mtu maalumu, au kamati, jukumu la kulifuatilia jambo na kuulizwa.

Ukocha mzuri unasimama hapo, kati ya kujua na kuulizwa. Wapwani wanaujua mtindo wake hata kama hawakuuita hivyo. Mwari anayekaribia ndoa hakalishwi ukumbini na wenzake hamsini akafundishwa kwa jumla. Anakabidhiwa somo wake, yaani mwanamke mzoefu wa kumfunda. Somo anakaa naye faraghani, anajua ndoa ni lini na ya nani, anamfunda kwa ajili ya nyumba ile, na harusi ikipita bado anaulizwa. Siri inabaki baina yao. Ukiyatoa mambo hayo manne, yaani faragha, tukio la kweli, ufuatiliaji na siri, umebaki na hotuba.

Kikazi mambo huenda hivi. Kabla ya kikao cha kwanza watu watatu wanakaa: mwajiri, meneja atakayefundwa, na kocha. Wanaandika ukurasa mmoja. Mwajiri atapata nini? Atapata takwimu za maamuzi na hatua zilizokubaliwa, basi. Hatapata maneno ya faraghani. Hili lisipoandikwa mwanzo, mnamo kikao cha tatu bosi atampigia kocha simu, "Niambie kweli, huyu ni mkabila?" Kocha akijibu, hata kwa nusu sentensi, kazi imekwisha. Meneja atajua, na kuanzia hapo atasema yale tu yanayopendeza kusikika.

Vikao sita hadi vinane vinatosha kwa mtu mmoja, kila baada ya wiki mbili, dakika 50 hadi 60. Chini ya hapo tabia haipati muda wa kujaribiwa kazini. Ukizidisha sana, meneja anaanza kuegemea kocha badala ya utaratibu. Baina ya kikao na kikao kuna daftari, na kwa maoni yangu daftari ndilo nusu ya kazi yote. Kila uamuzi unaohusu mtu unaandikwa siku hiyo hiyo kwa mistari minne: niliamua nini, nani alifaidika na nani alikosa, nilikuwa na habari gani mkononi, na niliamua kwa muda gani. Dakika mbili kila mara. Mstari wa nne wengi huuona wa ajabu, lakini ndio unaofichua zaidi: maamuzi yaliyofanywa chini ya dakika moja, usiku, mtu amechoka, ndiyo yanayofuata mazoea. Ukiona katika wiki mbili mtu ameandika maamuzi mawili tu, ujue hajaona bado kwamba kupanga zamu ni uamuzi.

Na tuitazame zamu kwa karibu, maana hapo ndipo utofauti wa watu kazini unapokwama Malindi. Hoteli inaweza kuwa na mchanganyiko mzuri ukihesabu vichwa langoni: Wagiriama, Waswahili, Wabarawa, Wakamba, Waluo, Wakikuyu. Ingia ndani utazame nani yuko wapi. Bustani na kufua ni wa kabila hili, mapokezi ni wa lile, ulinzi ni wa jingine. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo popote. Inaandikwa upya kila Jumapili usiku kwenye rosta. Kikao kinachoishughulikia huweza kwenda namna hii:

"Dada, rosta hii uliipanga lini?"

"Jana, kama saa nne usiku."

"Mapokezi wiki hii ni kina nani?"

"Wale wale watatu. Wageni wamewazoea."

"Mtu mwingine kukaa pale mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Anafungua rosta za nyuma. Anarudi mwezi, miezi miwili, mitano. "Sioni."

"Hawa wanne wa usafi wa vyumba, kuna anayejua Kiitaliano?"

"Wawili wanakijua. Mmoja anakijua kuliko hata wa mapokezi, huwa namsikia akiongea na wageni koridoni."

Kocha asiyeiva hapa anaruka na hukumu: unaona sasa, huo ni upendeleo. Aliyeiva ananyamaza, anampa meneja nafasi ya kuyasikia maneno yake mwenyewe, kisha anauliza swali moja la mbele: "Wiki ijayo ungependa kujaribu nini?" Jibu likiwa "nitaangalia", halijawa jibu. Likiwa "Jumanne na Jumatano asubuhi atakaa na mwenzake mapokezi, nitamwelekeza mfumo wa kupokea wageni Jumatatu saa nane mchana", hilo linaandikwa na litaulizwa. Makocha wengi hufuata ngazi nne: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na nia ya kutenda. Kinachoharibika mara nyingi ni ile ngazi ya pili. Watu wanakimbilia njia kabla hawajaitazama hali, na hali iko kwenye rosta za miezi mitano, haiko kwenye maoni ya mtu.

Sababu ya "wageni wamewazoea" inastahili kuchunguzwa peke yake kwa sababu inajizaa. Aliyekaa mapokezi anazoeleka, kwa kuwa amezoeleka anarudishwa mapokezi, na ikija nafasi ya usimamizi yeye ndiye "mwenye uzoefu". Wa usafi wa vyumba anaambiwa hana uzoefu, na ni kweli hana, kwa sababu hajapewa. Kocha anapaswa kumzoeza meneja kuuliza kila anapotaja uzoefu: nani aliugawa?

Upande wa mahojiano, dawa iko wazi zaidi, na inasikitisha kuona inavyotumika kwa nadra. Mwaka 2005 Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha jinsi waamuzi wanavyojidanganya. Walipopewa mwanamume na mwanamke wa kuchagua kuwa mkuu wa polisi, waligeuza maana ya "sifa muhimu" ili imfae mwanamume: akiwa na elimu, elimu ndiyo muhimu, akiwa mjuzi wa mambo ya mitaani, ujuzi huo ndio muhimu. Walipotakiwa kuamua sifa zenye uzito kabla ya kuwaona waombaji, upendeleo ule ulitoweka.

Kwa hiyo jopo likae wiki moja kabla. Lichague mambo manne au matano yanayohitajika kazini kweli, si zaidi, kwa sababu yakizidi kila mjumbe atajichagulia. Kila jambo liwe na swali lake, lile lile kwa kila mtu, na majibu ya mfano yaandikwe pamoja na alama zake. Kwa kazi ya mapokezi: "Mgeni amefika saa nane usiku, chumba chake kimepewa mwingine. Utafanya nini?" Anayesema atamwita meneja asubuhi hapati kitu. Anayeomba radhi na kumtafutia chumba kingine anapata 2. Anayeomba radhi, akamkalisha, akatafuta chumba au hoteli jirani, akaandika tukio na kumjulisha msimamizi usiku ule ule anapata 4. Kila mjumbe aandike alama mara tu jibu linapokwisha, kabla ya swali linalofuata, na asizungumze na mwenzake. Edward Thorndike alionyesha tangu 1920, akichunguza maafisa wa jeshi wanavyowapima walio chini yao, kwamba sifa moja nzuri huzipaka rangi sifa nyingine zote. Ukingoja hadi mwisho kutoa alama, utakuwa unampima yule aliyekuchekesha.

Kinachovuruga mpango huu ni kitu kidogo sana: mwenyekiti kuzungumza kwanza. Akitoka tu mwombaji, mwenyekiti anasema, "Huyu kijana mzuri," na kalamu zote zinasogea. Kocha akikaribishwa kushuhudia mahojiano, na inafaa akaribishwe angalau mara moja, aandike tu nani alisema nini kabla ya alama kuandikwa. Karatasi hiyo inatosha kuwa kikao kizima kinachofuata.

Majina yafutwe kwenye maombi yanapochujwa. Karani asiye kwenye jopo aandike nambari badala ya jina, afunike na kijiji na shule ya msingi, maana shule ya msingi husema kila kitu. Barua 40 zinaweza kumalizwa asubuhi moja. Watu watalalamika kwamba Lamu ni ndogo na kila mtu anajulikana hata jina likifutwa. Ni kweli kwa wachache. Kwa wengi inafanya kazi.

Kuna alama zinazosomwa vibaya zaidi ya zote, na kocha anayefanya kazi Lamu au Malindi asiyezijua afadhali arudi kwao ajifunze kwanza. Kijana aliyelelewa vyema Lamu hamkodolei macho mtu mzima anayemhoji. Anainamisha. Mjumbe aliyesoma kwenye vitabu kwamba mkweli hukutazama usoni anaandika "hajiamini" au, vibaya zaidi, "anaficha kitu". Binti aliyeweka mkono kifuani badala ya kumpa mkono mwanamume anaonekana mkavu. Anayehojiwa Ramadhani saa tisa alasiri anaandikiwa "hana uchangamfu" na mtu aliyekula mchana. Anayesema "ndia" badala ya "njia" anachekwa, na hicho ni Kiamu, lahaja iliyobeba tenzi kwa karne nyingi. Zoezi linalosaidia ni kumtaka meneja atenganishe alichokiona na alichokihukumu. Upande mmoja wa karatasi: "alitazama chini mara nyingi". Upande wa pili: "hajiamini". Kisha katikati aandike maana nyingine mbili zinazowezekana za kile alichokiona. Mwanzo huwa vigumu. Kufikia kikao cha nne mtu anafanya mwenyewe bila karatasi.

Neno "uvivu" nalo lishikwe hivyo hivyo, kwa sababu limewaumiza watu wa pwani miaka mingi. Meneja akilitaja, kocha asibishane naye. Aombe daftari la mahudhurio la siku 90. Wahesabu pamoja: nani alichelewa mara ngapi, kwa dakika ngapi, siku gani. Kwenye vyombo vya kuvuka, kuchelewa hufuata maji na pepo za kusi. Mara nyingine hesabu itaonyesha mtu fulani kweli anachelewa, na hapo aonywe kwa jina lake na kwa kosa lake. Kilichokatazwa ni kumwonya kwa niaba ya kijiji chake.

Ningekuwa sitendi haki nikiusema upande mmoja tu. Wenyeji nao wana yao. Kuna msimamizi wa Lamu ambaye kila aliyezaliwa Mpeketoni kwa wazazi wa bara ni "mtu wa kuja" kwake, hata akiwa hajui kwingine. Kuna anayewaita Waaweer (Waboni) watu wa msituni na asiwape hata kazi ya ulinzi wanayoiweza. Malindi Mgiriama hupewa jembe kabla ya kuulizwa alisomea nini. Ukocha unaowalenga watu wa bara tu, au Wazungu tu, utapokewa kama kulipiza kisasi. Na kuna wasiotajwa kabisa kwenye malumbano haya ya makabila: mwenye kiti cha magurudumu aliyeitwa mahojiano ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe, ngazi zenyewe nyembamba na zimesimama wima. Kumhamishia chini kunataka meza moja na viti vinne.

Sheria ipo, na kocha aijue vyema bila kuifanya fimbo. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo kabila, dini, ulemavu, ujauzito, mavazi na lugha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamwekea mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua pale anaposhtakiwa. Jopo lisilo na karatasi za alama litathibitisha kwa nini? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Hesabu hizi zinahesabu vichwa. Hazisemi nani anasikilizwa mkutanoni.

Hilo la mwisho linapimika pia. Kocha akae kwenye mkutano wa idara kwa saa moja na karatasi yenye majina: nani alizungumza mara ngapi, nani alikatizwa na nani, wazo la nani lilichukuliwa na kutajwa kwa jina la mwingine. Meneja aonyeshwe faraghani siku hiyo hiyo. Wengi hushtuka kwa hesabu yao wenyewe, maana walikuwa wanaamini wanawapa wote nafasi.

Makosa ya ukocha wenyewe nayo nimeyaona yakijirudia katika kazi hii kote, na linaloniuma zaidi ni hili: kumwita mfanyakazi mnyonge aje asimulie uchungu wake mbele ya wakubwa ili "waguswe". Wanaguswa dakika kumi. Yeye anabaki na wenzake wanaomtazama kwa jicho jingine miezi sita. Maumivu yake si kifaa cha kufundishia. La pili ni kutumia kile kipimo cha kompyuta cha upendeleo fiche (IAT), cha kubonyeza vitufe haraka, kilichochapishwa na Anthony Greenwald na wenzake 1998, kumwambia mtu mmoja kiwango chake cha ubaguzi. Mtu yule yule akikirudia wiki ijayo anaweza kupata alama tofauti kabisa. Hakijatengenezwa kwa hukumu ya mtu mmoja mmoja. La tatu ni cheti. Aliyepewa cheti anaanza kukitumia kama ngao, "mimi nilishapita mafunzo hayo," na uangalifu unalala. Kama lazima kuwe na karatasi, iwe na tarehe ya kurudi: miezi mitatu, kisha sita, kuangalia rosta, orodha za walioitwa na waliopandishwa, kwa hesabu zile zile za mwanzo.

Na kuna mahali ukocha unapaswa kukoma. Daftari likifichua kwamba mtu anajua, anakusudia, na anaendelea, kwa mfano amekataa mjamzito mara mbili na kusema wazi kwamba ni kwa ajili ya mimba, hilo halitafutiwi swali la upole. Kocha anasimama, anamkumbusha makubaliano ya ukurasa wa kwanza, ambayo yanapaswa kuwa yametaja kwamba uvunjaji wa sheria haufunikwi na siri, na suala linaenda kwenye nidhamu. Aliyeonewa ana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa Malindi pia.

Swali linalobaki ni nani awe kocha, maana kumleta mtu kwa ndege kila wiki mbili ni gharama ambayo nyumba ya wageni ya vyumba 12 haiwezi. Jawabu liko mtaani. Walimu wakuu wastaafu, mameneja wa benki waliostaafu, wauguzi wakuu, watu waliokwishazoea kumsikiliza mtu bila kumkata kauli. Wafundishwe siku tano: kuuliza, kunyamaza, kusoma rosta na daftari, kuandika makubaliano, na sheria zile nne. Wawe wa asili mbalimbali, na kocha asipewe meneja ambaye ni jamaa yake au mdeni wake. Vikao viwili vya kwanza wakae na kocha mzoefu pembeni, kikao cha tatu waongoze wenyewe yeye akisikiliza, na malipo yagawanywe baina ya hoteli tatu au nne za jirani zinazoshirikiana kocha mmoja. Vikao vifanyike kwa Kiswahili. Meneja anayelazimishwa kujichunguza kwa Kiingereza hujibu kwa misamiati ya semina. Kwa Kiswahili atasema "nilimwona tu hafai", na hapo kocha ana mahali pa kuanzia.